Nunua Jicho Kabla ya Boksi: Lenzi, Kamera na Sitara ya Biharusi

Alhamdulillah, tumerudi salama kutoka bara na tumeyakuta maswali yenu yanatusubiri. Swali moja limejirudia tangu Mfungo Mosi, msimu wa harusi ulipoanza. Linatoka kwa ndugu zetu wanaotaka kujifunza kupiga picha za harusi za wanawake, na pia kwa mabiharusi watarajiwa wanaotaka kamera ya nyumbani: "Dada zetu, tununue kamera gani?"

Jawabu letu ni hili: anzeni na lenzi, kamera itafuata.

Kamera za kisasa huuzwa vipande viwili. Bodi ni lile boksi lenye vifungo na betri, na ndani yake mna sensa, yaani kibao kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Lenzi ndiyo jicho lake. Dukani bodi ndiyo inayowekwa mbele kwenye kabati la kioo, na matangazo yote huisifu yeye. Lenzi huwekwa pembeni kama kitu cha nyongeza. Sisi tunasema fedha nyingi ziende kwenye lenzi, na bodi ichaguliwe kwa kuifuata lenzi. Tutawaeleza sababu kwa harusi tuliyoipiga Ngulyati, maana huko hoja hii ilipimwa kwa sitara ya wanawake na kwa akiba ya binti mmoja.

Chumba cha wanawake Ngulyati

Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na unaosifika nchini kwa pamba. Kutoka Unguja tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, ndege mpaka Mwanza, halafu gari kupitia Magu na Lamadi hadi Bariadi, na kutoka hapo tukaenda Ngulyati. Biharusi alisoma chuo hapa Unguja, na mume aliyejaaliwa ni wa hapa hapa. Ndoa ikafanyika kwao, kama inavyostahili. Majirani wengi wa familia ile si Waislamu, lakini walikuja na kuni, kuku na mikono yao, na kila tulipopita tuliamkiwa "Mwangaluka" mpaka tukazoea kuitikia bila kufikiri.

Sharti la biharusi lilikuwa moja. Usiku wa kupambwa, kamera ya mwanamume isiingie chumba cha wanawake, na picha isitoke mikononi mwetu kabla yeye hajaiona.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyumba ya matofali ya kuchoma, madirisha mawili yanatazama uani, na mapazia yake mepesi. Uani ndiko walikokaa wanaume: baba, wajomba na majirani. Taa ya chumba ilikuwa balbu moja ya sola.

Sasa fikirini. Usiku, nje kukiwa na giza na ndani kuna taa kali, pazia jepesi halistiri kitu. Aliye nje anaona umbo la kila aliye ndani. Zile taa kubwa za video zinazosimamishwa kwenye stendi zingewavunjia sitara wanawake waliokwisha kuvua mabuibui yao wakiamini wako peke yao. Flashi nayo ingemulika dirishani kila tulipobonyeza. Isitoshe, bibi yake mzaa mama alikaa mkekani karibu na mjukuu wake, na macho yake yalikuwa hayavumilii mwanga wa ghafla. Kwa hiyo tulipiga kwa balbu ile ile moja, na kilichotuwezesha ni lenzi.

Hesabu ya mwanga

Bodi zetu mbili ni Sony a6300, toleo la mwaka 2016, tulizonunua kwa mkono wa pili. Ukiziweka kando ya bodi mpya za madukani, hazimtishi mtu. Chumbani tulitumia lenzi mbili: Sony ya milimita 35 yenye f/1.8, na Sigma ya milimita 56 yenye f/1.4. Ile lenzi ndogo ya kuvuta, ya milimita 16 hadi 50, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na bodi za namna hii, tuliiacha mkobani mpaka asubuhi tulipotoka nje kwenye jua.

Herufi f na namba yake ni kipimo cha tundu la lenzi linapofunguka mpaka mwisho. Namba hii inakwenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yetu ya kuvuta, ukiivuta mpaka milimita 50, hufunguka f/5.6 tu. Ukiilinganisha na f/1.8, hii ya pili huingiza mwanga unaokaribia mara kumi. Maana yake ni kwamba picha inayotaka shata ikae wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa f/5.6, kwa f/1.8 inatosha kama sehemu moja ya mia. Kwa moja ya kumi, biharusi akiinua mkono kuonyesha hina, mkono unatoka kama moshi. Kwa moja ya mia, unaliona hata ua lililochorwa kidoleni.

Mtu atasema, "Si ninunue bodi yenye sensa kubwa inayoona gizani?" Ni kweli, sensa kubwa husaidia. Sensa kamili ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, na eneo lake ni zaidi kidogo ya mara mbili ya sensa ndogo kama za kwetu. Basi ukibadilisha bodi kwa fedha nyingi unapata faida ya kama mara mbili, na ukibadilisha lenzi unapata karibu mara kumi. Aliye na fedha ya kimoja tu aiangalie hesabu hii kabla hajatoa mkoba.

Wazee wetu katika elimu waliujua umuhimu wa njia anayopitia mwanga. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, na alichunguza namna mwanga unavyopita kwenye tundu na kuingia chumba chenye giza. Kamera ya leo bado ni chumba cha giza chenye tundu. Chumba kinabadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini tundu lile lile zuri linaendelea kufanya kazi.

Unaolewa na ukoo

Kamera tunazozizungumzia ni zile zisizo na kioo ndani, ambazo mafundi wanaziita mirolesi. Kamera za zamani za lenzi ya kubadilisha zilikuwa na kioo kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kuchungulia, na kila picha kioo kile kiliruka kwa kishindo. Katika mirolesi kioo hakuna. Unachungulia kiskrini kidogo kinachokuonyesha picha kama itakavyotoka, na bodi nyingi zinaweza kupiga kimya kabisa. Kwa maulidi, kwa dua, kwa biharusi anayelia anapoagana na mama yake, ukimya ule ni adabu. Jaribuni tu kwanza chini ya taa ya mahali mlipo, maana kwa taa nyingine za LED upigaji wa kimya huacha mistari kwenye picha.

Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi kwenye bodi, na hapo ndipo mnunuzi anapofunga ndoa. Tunajua kwetu mtu haolewi na mume peke yake, anaolewa na ukoo. Bodi ni mume wa dukani aliyevaa vizuri, na mdomo wa lenzi ndio ukoo utakaokaa nao.

Angalieni miaka. Nikon walitumia mdomo wao wa F tangu 1959, na walipoleta mirolesi za sensa kamili mwaka 2018 wakaanzisha mdomo wa Z. Canon walikuwa na EF tangu 1987, na mwaka huo huo wa 2018 wakaja na RF. Sony wanatumia mdomo wa E tangu 2010, na Fujifilm mdomo wa X tangu 2012. Katika miaka hiyo bodi zimepita nyingi, moja ikizeesha nyingine, lakini aliyenunua lenzi nzuri ya EF miaka ya 1990 anaweza kuitumia leo kwenye bodi mpya ya RF kwa adapta, na ikafokasi yenyewe. Inawezekana kwa sababu kioo kilipoondoka, lenzi ilisogea karibu na sensa. Kwenye EF umbali kutoka mdomoni hadi kwenye sensa ulikuwa milimita 44, na kwenye RF ni 20. Nafasi iliyobaki ndipo adapta inapokaa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bodi ina megapikseli ngapi, uliza ukoo wake una lenzi gani unazozihitaji, zinauzwa bei gani, na je, zinapatikana za mkono wa pili kwenye mji ulio karibu nawe? Sony waliruhusu mapema kampuni nyingine zitengeneze lenzi za mdomo wa E, ndiyo maana sisi tuna Sigma. Kwa mdomo wa RF wa Canon, Sigma na Tamron walitangaza lenzi zao za kwanza mwaka 2024 tu, tena za sensa ndogo. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye boksi.

Fedha ya pamba

Asubuhi ya pili, mdogo wake biharusi alitujia na daftari. Ana miaka ishirini na moja. Baba yake alimkatia kipande cha shamba, na kwa misimu mitatu aliuza pamba yake na kuweka fedha kwa mama. Anataka kuwa mpiga picha wa wanawake Ngulyati na Bariadi, kwa sababu ameona dada zake wa Kiislamu wakichagua kati ya mambo mawili: kupigwa picha na mwanamume, au kubaki bila picha ya siku yao.

Kwenye daftari alikuwa ameandika jina la bodi moja tu. Muuzaji mmoja alimshauri achukue bodi mpya ya sensa kamili, na fedha yote ya misimu mitatu ingeishia hapo, pamoja na lenzi moja ya kuvuta ya bei ya chini. "Dada zangu, ameniambia hii ndiyo kamera ya kitaalamu," alisema.

Hatukumwambia usinunue. Tulimwambia, "Mdogo wetu, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande huu andika vyumba utakavyopiga, upande wa pili andika kila chumba kinataka nini." Akaandika: chumba cha kupamba usiku, balbu moja. Ukumbi wa Bariadi, taa za rangi. Akdi nyumbani, mchana, dirisha dogo. Picha za familia uani, jua kali. Alipomaliza, mistari mitatu kati ya minne ilikuwa inadai tundu kubwa la lenzi. Hakuna hata mmoja uliodai megapikseli.

Mama yake alikuwa anasikiliza huku akichagua mchele. Akauliza, "Na zile za shangazi yake je?" Ndipo tukajua kwamba shangazi yake wa Mwanza aliwahi kuwa na studio ya picha, na alipoifunga aliweka vitu vyake kwenye sanduku. Tukapiga simu. Sandukuni mlikuwa na Canon ya zamani ya kioo isiyowaka, na lenzi mbili za EF: milimita 50 ya f/1.8 na milimita 85 ya f/1.8. Shangazi akasema, "Vinanikalia bure. Mwanangu akivifanyia kazi, nitafurahi."

Tulipofika Mwanza wakati wa kurudi, tulizikagua kwa mkono. Tulimulika tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Ile ya 50 ilikuwa na vumbi kidogo ambalo haliharibu picha. Ile ya 85 ilikuwa safi. Akiba haiozi, wahenga walisema kweli.

Hapo uamuzi ukageuka. Sisi ni watu wa Sony, lakini yeye hakuwa na sababu yoyote ya kutufuata. Tayari alikuwa na macho mawili mazuri ya ukoo wa Canon, kwa hiyo alitafuta bodi ya ukoo ule. Alipata Canon EOS RP ya mkono wa pili, bodi ya mwaka 2019 yenye sensa kamili, pamoja na adapta yake. Fedha iliyobaki ilimtosha kununua betri mbili za akiba, kadi za kumbukumbu na mkoba usiopitisha vumbi, na bado akarudisha kiasi kwa mama. Picha za kwanza alizotutumia ni za bibi yake, amekaa mkekani kando ya dirisha, hakuna flashi. Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka tuzione.

Bodi nayo ina haki yake

Hatusemi bodi haina maana. Ukipiga harusi za watu kwa malipo, bodi yenye nafasi mbili za kadi ni amana, maana kadi moja ikifa usiku wa harusi huwezi kumrudisha biharusi kwenye zulia. Ufokasi unaofuata jicho husaidia sana lenzi inapofunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu kwa f/1.8 ukiwa karibu, ukilenga pua, jicho linaweza kupotea kwenye ukungu. Betri za mirolesi huisha haraka kuliko za kamera za kioo, basi uwe na za akiba. Na anayepiga video ndefu aangalie kama bodi hupata joto. Lakini haya yote yaje baada ya kuujua ukoo na lenzi zake.

Kwa anayeanza, mpangilio wetu ni huu. Lenzi ya kwanza iwe ya umbali mmoja, isiyovuta, yenye f/1.8 au karibu na hapo: milimita 35 kwa sensa ndogo, au 50 kwa sensa kamili. Zote mbili zinaona karibu sawa, kama mtu anavyotazama chumba bila kugeuza shingo. Ya pili iwe ya sura, 56 kwa sensa ndogo au 85 kwa sensa kamili, ili usimame hatua chache nyuma na usimzibe biharusi mbele ya mama yake. Ukipiga watu wengi kwa safu, funga tundu kidogo, f/4 au f/5.6, ili walio nyuma nao waonekane. Na kumbuka kwamba lenzi iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, hata ikiingia kwenye mdomo wa bodi ya sensa kamili, haifuniki sensa yote. Ukitarajia kuhamia huko, nunua lenzi ukilijua hilo.

Ukinunua lenzi ya mkono wa pili hapa visiwani, adui ni koga. Imulike kwa tochi: ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, iache hata kama bei inavutia. Ikiwa ni yako, usiifungie kabatini miezi kwa miezi. Itoe itumike, na iweke na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwa ndugu zetu wa Simiyu, adui ni vumbi la kiangazi. Badilisha lenzi ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini, na ufanye haraka.

Kwa wewe biharusi usiyetaka kununua chochote

Huna haja ya kujua namba zote hizi. Unapomkodi mpiga picha wa kike, muulize mambo matatu. Utapigaje picha chumba chetu usiku bila taa kali wala flashi? Lenzi yako inafunguka f ngapi? Na picha zangu zitakaa wapi mpaka nizione? Akianza kukuelezea ukubwa na bei ya bodi yake, mrudishe kwa upole kwenye swali la kwanza. Akikuomba kuja kukiona chumba mapema, wakati ule ule wa usiku, huyo anajua kazi yake.

Wale mnaokumbuka albamu za bibi zetu mnajua picha za Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Zinatazamwa mpaka leo, nasi hatujawahi kumsikia mtu akiuliza zilipigwa kwa boksi gani. Watu huangalia macho ya aliyepigwa, mkunjo wa nguo yake, na mwanga ulivyomkalia shavuni. Wajukuu wetu nao watatutazama hivyo hivyo.

Mwenye swali kuhusu lenzi aliyonayo nyumbani atuandikie namba zilizoandikwa mbele yake, na inshaallah tutamjibu kama inamfaa. Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu upendo na huruma, awastiri wao na nyumba zao, na ambariki mdogo wetu wa Ngulyati katika kazi ya mikono yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.